Rafiki wa Kuandikiwa

Lugha yetu ina neno lenye njia mbili. Tukisema kwamba mtu ameandikiwa jambo, huenda tunamaanisha kwamba Mwenyezi Mungu amemkadiria jambo hilo kabla hajazaliwa. Au huenda tunamaanisha tu kwamba karani ameketi mezani, akatwaa kalamu, akatia jina lake katika orodha. Nataka kusema nawe, msomaji, habari ya rafiki aliyeandikiwa kwa njia hii ya pili. Swali langu ni kama rafiki wa namna hiyo ni rafiki kweli, au kama ni mtu wa zamu aliyevikwa joho la rafiki. Na ikiwa ni hivyo, je, ni haki kumpa mgeni kitu kilichovikwa joho lisilo lake?

Jambo lenyewe ni hili. Kila mwaka vyuo vikuu hupokea wanafunzi waliotoka nchi nyingine. Hapa kwetu wengi huja kutoka Sudan Kusini, Somalia, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo. Wachache hutoka mbali zaidi. Baadhi ya vyuo, vya kwetu na vya ng'ambo, vimeweka desturi ya kumpa kila mgeni mwanafunzi mmoja aliyekwisha kukaa chuoni mwaka mmoja au miwili, awe mwenzi wake katika siku za kwanza. Orodha mbili huwekwa sambamba, ya wageni na ya wenyeji waliojitolea, na msimamizi huunganisha jina na jina. Huko Ulaya, mpango wa Erasmus ulipoanzishwa mwaka 1987 ili wanafunzi waweze kusoma kwa muda katika nchi za jirani, haikupita miaka mingi kabla ya wanafunzi wenyewe kuunda chama chao, Erasmus Student Network, na moja katika kazi zake hata leo ni kuwapatia wageni wenzi wa kuwaongoza.

Kazi ya mwenzi huyo ni ndogo ukiitaja, bali ni kubwa ukiikosa. Mfikirie msichana wa miaka 19 aliyetoka Juba, ameshuka Nairobi saa tatu ya usiku na masanduku mawili. Kesho yake atataka laini ya simu, wala hataipata mpaka pasipoti yake iandikishwe. Na bila ya laini hana njia ya kupokea fedha wala kulipa kwa simu, na katika Nairobi mtu asiyeweza kulipa kwa simu ni kama mtu aliyefungwa mkono mmoja. Atatakiwa kupata kibali cha mwanafunzi kutoka Idara ya Uhamiaji. Atatafuta chumba, na yamkini mwenye nyumba akisikia lafudhi yake ataongeza kodi papo hapo. Atapanda matatu mvua ikinyesha, na nauli itakuwa imepanda pamoja na maji ya mitaroni, naye atadhani ameibiwa kwa kuwa ni mgeni, kumbe wote wameibiwa sawasawa. Mwenyeji ndiye amwambiaye lipi ni la kila mtu na lipi amefanyiwa yeye peke yake. Maarifa hayo yana thamani kuliko ramani yoyote ya mji, maana mgeni asiyeweza kupambanua desturi na dhuluma atakuwa ama mwoga ama mgomvi.

Hata hivyo wako watu, tena wenye akili, wasioupenda mpango huu. Husema kwamba urafiki ni tunda la hiari, na moyo hauamrishwi. Mtu aliyepewa rafiki na ofisi amepewa kitu cha ofisi, kama kiti na meza, na siku ofisi ikikitaka atakirudisha. Tena husema kwamba mgeni si mjinga. Atatambua upesi kwamba huyu anayemchekea amepangiwa kumchekea, na upweke wa mtu aliyezungukwa na tabasamu za zamu ni mzito kuliko upweke wa mtu aliye peke yake. Wewe uliyesoma shule ya bweni huenda unaielewa hoja hii bila ya kufundishwa. Siku ulipoingia kidato cha kwanza labda ulipewa mama wa shule au baba wa shule, mwanafunzi wa kidato cha juu aliyetakiwa kukuonyesha bweni, jiko na maana ya kila kengele. Wengine walipata ndugu wa kudumu. Wengine walipata mtu aliyewaonyesha kitanda, akawaomba sukari, asionekane tena.

Sitaki kuipuuza hoja hii, maana nusu yake ni kweli. Lakini kabla ya kuipima, na tutazame hali ya mgeni ambaye hakuandikiwa mtu yeyote, akaachiwa hiari ya walimwengu.

Mwaka 1909, katika mji wa New York, mfanyakazi wa chama cha Y.M.C.A. jina lake Harry Edmonds alikutana na mwanafunzi Mchina katika ngazi za maktaba ya Chuo Kikuu cha Columbia. Alimwamkia kwa neno moja, kama mtu aamkiavyo mpita njia, akaendelea na safari yake. Mchina yule akamsimamisha, akamshukuru kwa kusema naye, akamweleza kwamba amekaa New York majuma matatu na hajapata mtu mwingine aliyemsemesha. Edmonds hakuweza kulisahau neno hilo. Yeye na mkewe walianza kuwaalika wanafunzi wageni nyumbani kwao kwa chakula cha jioni siku za Jumapili. Wageni wakawa wengi hata nyumba isiwatoshe. Na mwaka 1924, kwa fedha za tajiri John D. Rockefeller mdogo, ikafunguliwa nyumba kubwa iitwayo International House, ambapo wanafunzi wa mataifa mbalimbali hukaa pamoja na Wamarekani. Nyumba ya pili ilifunguliwa Berkeley, California, mwaka 1930, na wako wenyeji wa mji ule walioipinga, kwa sababu watu wa rangi mbalimbali wangelala chini ya paa moja.

Mimi hustaajabu zaidi na yale majuma matatu kuliko nyumba iliyofuata. Mji ule ulikuwa na watu zaidi ya milioni 4. Hapana shaka wengi wao walikuwa watu wema, wenye kusali na kuwapenda watoto wao. Yamkini katika darasa la kijana yule walikuwamo wanafunzi waliomtazama na kusema moyoni kwamba huyu bila shaka anao watu wake, au kwamba mwingine atamsemesha, au kwamba wao wangeanza kusema naye wangemwaibisha. Hakuna aliyemkataa. Kila mmoja alimwachia mwenziwe, na mji mzima ukamwachia mji mzima. Basi wale wanaosema kwamba ukarimu usiwe wa kuandikiwa bali utoke moyoni, nawaomba wayakumbuke majuma yale. Hiari iliyo ya watu wote aghalabu haina mtu hata mmoja wa kuitenda. Faida ya kwanza ya orodha ni kwamba humwondolea kila mtu udhuru wa kudhani kwamba yuko mwingine.

Wala tusidhani kwamba kuandikiana wageni ni uzushi wa watu wa magharibi. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika nchi ya Moroko, alipita katika pwani yetu, akafika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Amesimulia desturi aliyoikuta Mogadishu. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kila kijana humkabidhi sahani yake mfanyabiashara mmoja, na kutangaza mbele ya watu kwamba huyu ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule hushukia nyumbani kwa kijana huyo tu, na mwenyeji humwuzia mali yake na kumnunulia mahitaji yake. Mtu aliyemlalia mgeni kwa bei ya chini mno, au aliyefanya naye biashara bila ya mwenyeji wake kuwapo, biashara yake haikukubaliwa. Ila yule aliyekwisha kufika mara nyingi na kuwajua watu wa mji, huyo alikuwa huru kushukia apendapo.

Ibn Battuta mwenyewe hakuchukuliwa na vijana wa biashara. Walipoambiwa kwamba huyu ni mtu wa elimu, habari ilipelekwa kwa kadhi, naye kadhi alikuja pwani pamoja na wanafunzi wake kumpokea. Kisha akalazwa katika nyumba iliyotengwa kwa ajili ya wanafunzi. Kwa hiyo desturi ya kumpokea mwanafunzi mgeni kwa utaratibu, katika pwani hii ya Afrika ya Mashariki, ina ushahidi wa maandishi wa karibu miaka 700.

Zingatia, msomaji, neno alilolitangaza kijana yule katika chombo. Hakusema, huyu ni rafiki yangu. Angewezaje kusema hivyo, ilhali hata jina lake halijui? Alisema kwamba huyu ni mgeni wake. Kwa neno hilo alijitia yeye mwenyewe katika daraja ya mwenyeji, na mwenyeji ni mtu mwenye wajibu unaojulikana: kulaza, kulisha, kusimama kando ya mgeni anapouza na anaponunua, na kuulizwa na mji mzima jambo baya likimpata. Hakuna hata moja katika mambo hayo linalohitaji mapenzi ya moyo ili lianze. Linahitaji miguu na kutimiza ahadi. Hapo ndipo ninapoliona jibu la swali letu. Urafiki hauandikwi, nakubali. Lakini uwenyeji huandikwa, tena ni vizuri uandikwe. Muuguzi hupangiwa wagonjwa wake, na hatumwiti mnafiki kwa kuwa hakuwachagua. Mwalimu hupewa darasa lenye watoto asiowajua, akapimwa kwa kazi yake wala si kwa mapigo ya moyo wake. Hata ndugu yako wa tumbo moja hukumchagua. Ulimkuta nyumbani, au alikukuta.

Basi ubaya wa mpango mwingine wa vyuo haumo katika kuandika, bali umo katika jina linalotiwa juu ya orodha. Ukimwita mtu rafiki siku ya kwanza umechukua mkopo ambao huna hakika ya kuulipa. Mgeni aliyeahidiwa rafiki atangoja mapenzi, na mapenzi yasipokuja atajiona kuwa ana kasoro. Mgeni aliyeahidiwa mwenyeji atangoja mtu wa kwenda naye Idara ya Uhamiaji siku ya Jumanne saa mbili asubuhi. Na mtu huyo akija saa mbili asubuhi, ahadi imetimia. Urafiki ukimea baadaye katika foleni ile ndefu, na umee. Usipomea, hakuna aliyedanganywa.

Kuna jambo la pili, nalo ni la wakati. Makaribisho ya vyuo hufanywa kwa ngoma na hotuba katika juma la kwanza. Mgeni huvishwa shada, hupigwa picha, hupewa mkoba wenye nembo ya chuo, huonyeshwa bustani ya wanyama. Katika juma hilo mgeni naye yu macho kwa ugeni wa vitu. Kila kitu kinamshangaza, hata ukungu wa asubuhi. Kisha wenyeji hurudi katika masomo yao. Mwezi wa tatu huingia na majaribio ya mitihani, na ada ambayo haijafika kutoka nyumbani, na habari za simu kwamba nyanya ni mgonjwa, na Jumapili ndefu katika bweni lisilo na sauti. Mwaka 1955 mtaalamu wa Norwe, Sverre Lysgaard, alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya Wanorwe 200 waliokuwa wamekwenda Marekani kwa msaada wa Fulbright. Aliona kwamba waliokaa chini ya miezi 6 walikuwa na hali njema, na waliokaa zaidi ya miezi 18 kadhalika. Waliokuwa kati ya hao ndio walioona taabu. Wataalamu waliomfuata wamembishia, wakaonyesha kwamba si wageni wote hupita njia moja, na wako ambao taabu yao kubwa ni ya siku za mwanzo kabisa. Na wabishane. Mimi bado sijapata kusikia habari za mgeni ambaye taabu zake zilikwisha pamoja na juma la makaribisho.

Kwa hiyo ningekuwa msimamizi wa mpango kama huo, ningeondoa nusu ya ngoma za juma la kwanza, na fedha zake ningezitumia kwa chai ya mwezi wa tatu. Pia nisingemchagua mwenyeji kwa ufasaha wa ulimi wala kwa alama zake darasani. Ningeuliza mambo mawili tu: je, mtu huyu hutimiza miadi, na je, anakaa katika njia moja na mgeni wake? Watu hudhani kwamba wenzi wapatanishwe kwa kupenda michezo mamoja au nyimbo za namna moja. Mambo hayo ni mazuri, lakini mtu unayekutana naye kila asubuhi katika njia ya kwenda darasani hukujua bila ya kukuwekea miadi, akaona kwamba leo umevimba macho. Mwenye kukaa upande wa pili wa mji, hata akiupenda mpira kama wewe, atakuja kujua habari zako zimekwisha kupoa.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wengi huitumia methali hii kama ufagio wa kumfagia mgeni mlangoni. Mimi naona kwamba wameisoma kinyume. Jembe hapewi mtu anayefukuzwa. Anayefukuzwa hupewa fimbo na maji ya njiani. Jembe ni chombo cha wenye nyumba, na anayekabidhiwa jembe ameonyeshwa shamba, na anayeonyeshwa shamba amehesabiwa miongoni mwa watakaokula mavuno yake. Mateso ya mgeni wa daima ni kwamba haachiwi kufanya jambo lolote. Keti, tulia, usijisumbue, wewe ni mgeni! Mara ya kwanza maneno haya ni asali. Mara ya ishirini ni ukuta. Ndiyo maana mwenyeji mwenye busara hutafuta jembe mapema. Yule Mrwanda hodari wa hesabu na aombwe kuongoza kikundi cha kujisomea. Yule Msomali apikaye vizuri na aachiwe jiko jioni moja. Kipa wa timu ameumia. Basi mgeni mrefu na asimame golini, hata akifungwa mabao matano.

Yafaa tukumbuke pia kwamba Wakenya walikuwa wageni wa vyuo vya watu kabla ya kuwa wenyeji katika vyuo vyao. Mwezi wa Septemba 1959, ndege iliyokodiwa kwa juhudi za Tom Mboya ilifika New York ikiwa na wanafunzi 81. Wamarekani mashuhuri, miongoni mwao mchezaji Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte, walikuwa wameomba michango kwa ajili ya safari hiyo. Mwaka uliofuata, kwa fedha za jamaa ya Kennedy, walikwenda karibu 300, na hata mwaka 1963 jumla yao ilikuwa karibu 800. Mmoja wa waliokwenda mwaka 1960 alikuwa Wangari Maathai, aliyepata baadaye Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Alipelekwa chuo cha masista wa Benedikto katika mji mdogo wa Atchison, jimbo la Kansas. Katika kitabu chake Unbowed, kilichochapishwa mwaka 2006, ameeleza kwamba njiani, katika jimbo la Indiana, walisimama kununua vinywaji mkahawani, wakaambiwa kwamba hawawezi kuketi ndani, wanywe nje.

Nimelitaja jambo hilo ili tusiudanganye moyo. Uwenyeji hauwezi yote. Orodha ya chuo humfungulia mgeni mlango wa chuo, wala haifungui mlango wa mkahawa. Nchi inayomwona mgeni kuwa duni haiponywi na kijana mmoja mwenye miadi mizuri. Lakini ziko tofauti kubwa kati ya kusimama nje peke yako na kusimama nje pamoja na mwenyeji aliyetoka ndani akaja kunywa kando yako. Na hapa kwetu, ambapo Msomali au Msudani wa Kusini husimamishwa na askari akaulizwa karatasi zake mara nyingi kuliko jirani yake, sioni sababu ya kudhani kwamba habari ya mkahawa ule ni ya zamani au ya mbali.

Wako wanaouliza habari za nia. Inasemekana kwamba wanafunzi wengine hujitolea kuwa wenyeji ili wapate cheti cha kuambatisha na barua ya kuomba kazi. Ni kweli, wako. Vijana wa Mogadishu nao walikuwa na faida yao katika biashara ya mgeni, na hakuna aliyesema kwamba chakula katika sahani zao kilikuwa kichungu. Mimi sioni aibu katika cheti. Ninaloliogopa ni mambo mengine, ambayo cheti si kitu mbele yake. Mgeni ni mtu asiyeweza kukataa. Anakuhitaji, hajui kwa kwenda, akikuudhi labda atabaki peke yake. Kwa hiyo mwenyeji anayemvuta mgeni wake kwenye dini yake au chama chake juma la pili, akisema kwamba ni matembezi tu, ametumia udhaifu wa mtu kama mnyapara atumiavyo njaa ya kibarua. Ndivyo pia mwenyeji amtakaye mgeni wake mapenzi, ilhali funguo za mji zote ziko mkononi mwake. Ndivyo, kwa kiasi kidogo, anayempiga mgeni picha kila siku na kuzitangaza, ili watu waone jinsi yeye alivyo mkarimu. Katika mambo haya msimamizi wa mpango asione haya kusema waziwazi, tena kabla ya wageni hawajafika.

Na mwenyeji asione wivu. Mwaka 1977 Stephen Bochner na wenzake walichapisha uchunguzi walioufanya katika Hawaii, wakaona kwamba marafiki wa karibu wa mwanafunzi mgeni aghalabu ni watu wa nchi yake mwenyewe. Wenyeji huwatumia zaidi kwa msaada wa masomo na wa shughuli za maisha. Wasomaji wengine waliona habari hiyo kuwa ya kusikitisha. Mimi naiona kuwa ya kawaida kabisa. Ukiwa ng'ambo, baada ya siku nzima ya kusema kwa lugha ya watu na kucheka mahali wanapocheka wao, jioni wataka kukaa na mtu ambaye huna haja ya kumfasiria mzaha. Mgeni wako akila chakula cha jioni na watu wa kwao, hajakudharau. Amekwenda kupumzika.

Juu ya lugha, sina budi kusema neno kidogo, hata kama ni nje ya njia. Mkongo wa Goma au Lubumbashi hufika Nairobi akiwa na Kiswahili chake cha tangu utotoni, akakisema, na watu wakacheka. Mtanzania huingia mkahawani akasema kwa upole kwamba anaomba chai, na mhudumu akamtazama kama mtu aliyekuja kuomba sadaka, maana sisi huagiza chai kwa amri. Kicheko hicho hakina ubaya kikitokea mara moja na wote wakacheka. Lakini nimeona wageni waliokiacha Kiswahili kabisa wakakimbilia Kiingereza, kwa kuwa katika Kiingereza wote ni wageni sawasawa. Hiyo ni hasara yetu kuliko yao. Mwenyeji na amwulize Mkongo huyo maana ya maneno yake, ayaandike, ayajaribu mwenyewe mbele ya watu, achekwe yeye.

Limebaki swali moja, nalo huulizwa na watu wa nchi yenyewe. Kwa nini tumwandikie mwenyeji kijana aliyetoka Kigali, na tusimwandikie yule aliyetoka Lodwar? Wote wawili hawajui kituo cha matatu. Wote wawili huchekwa lafudhi. Pengine yule wa Kigali amekulia katika mji mkubwa, na baba yake amemlipia chumba kabla hajafika, na yule wa Lodwar hajapata kulala katika nyumba ya ghorofa. Hujibiwa kwamba huyu ni mwananchi, yumo nyumbani kwake. Jibu hilo ndilo lile walilojipa watu wa New York majuma matatu, kwamba bila shaka anao watu wake. Kijana wa Lodwar haji kwa ndege, wala hapokewi na mtu aliyeshika kibao chenye jina lake. Huteremka katika basi alfajiri, akaburura sanduku lake mpaka ukingoni mwa barabara, akangoja kupambazuke ili aone ni upande gani watu wengi wanaelekea, naye awafuate.